Sanduku la Mama Efrazia

Jumatatu, 6 Januari

Wiki moja kamili kabla ya shule kufunguliwa. Kikao cha walimu saa tatu asubuhi. Baridi, na ukungu umefunika hadi mlingoti wa bendera. Madam Veronica, mwalimu mkuu wetu, ametangaza kwamba Afisa Elimu Kata atakuja siku ya kufungua na atapita darasa kwa darasa. Mwalimu wa darasa litakalopendeza kuliko yote atakwenda semina Babati, siku tano. Kulala hoteli. Chai yenye vitafunwa saa nne. Posho. Nina miaka tisa kazini na sijawahi kwenda semina hata moja. Hii ni yangu.

Mpinzani ni mmoja tu, Kenneth wa darasa la pili. Katokea Tanga, mwandiko wake kama umepigwa chapa, na wazazi wote hapa Maretadu wanampenda kwa sababu anacheka na kila mtu. Mimi mtoto wa Gitting. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Lakini akili ninayo.

Madam kanipa fedha na orodha ya darasa la kwanza: manila, maka peni, gundi, chaki za rangi, vihesabio. Ninunue Haydom, duka la vifaa, nirudi na risiti. Baada ya hapo akanijia Mama Efrazia. Huyu kafundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mmoja. Amestaafu Desemba, na darasa lake ndilo nililopewa mimi. Kanikabidhi sanduku lake la bati lenye zana zote alizofundishia. Ombi lake ni moja: bawaba imevunjika, nilipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Siku ya kufungua atakuja alifungue mwenyewe mbele ya watoto, kwa mara ya mwisho. Nikasema ndiyo Mama, bila shaka Mama.

Nimelichungulia juu juu. Vijiti, vizibo vya soda, mbegu za maboga, kibuyu kilichopasuka. Vitu vya enzi za babu. Nimelifunga na kuliweka chini ya kitanda.

Jumanne, 7 Januari

Nimepita nyuma ya darasa la pili kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Nikachungulia dirishani. Kenneth kapaka ukuta rangi ya samawati hadi kifuani, kachora jua, kachora mti, na namba zinapanda mlima moja moja hadi mia. Darasa linaloongea, kama wanavyotaka wakubwa. Lake sasa linahutubia kabisa.

Kumbe alikuwa juu ya ngazi, upande wa mlangoni. Kanisalimia kwa furaha. Kaniuliza kama najua Haydom bado wana manila, maana zake zinakaribia kuisha. Hapohapo nikamwambia zimekwisha zote, wamebakiza daftari tu. Uongo mtupu. Kenneth akasikitika. Si kwa ajili yake, kwa ajili yangu! Kasema basi mimi darasa la kwanza nitafanyaje, watoto wageni kabisa wa shule. Akashuka ngazi, akanihesabia manila tatu kutoka kwenye zake, akaniambia nisijali, atabana.

Nimezichukua. Ningefanya nini? Njiani zilikuwa nzito kuliko gunia. Nilitaka kurudi nimwambie ukweli, nikafika hadi kwenye tangi la maji, nikageuka.

Jioni nikapata wazo. Haydom hapana. Duka la vifaa linauza kwa kila mtu. Kila shule ya kata itakuwa na manila zilezile. Keshokutwa ni mnada Balangdalalu. Kule kunakuja wachuuzi na vitu vya mjini, chati za plastiki zinazong'aa, hazichaniki, hazilowi. Nitaziba ukuta wote. Kenneth ataona rangi yake ya samawati kama maji ya kuoshea vyombo. Risiti nitaifikiria baadaye.

Imakulata, mke wangu, kauliza kwa nini niende wilaya nyingine kununua chaki. Nikamwambia hayo ni mambo ya taaluma.

Alhamisi, 9 Januari

Nimeondoka alfajiri na lori la wauza ng'ombe. Sanduku la Mama Efrazia nimelibeba, maana mnadani kuna mafundi wa kuchomelea na wana bei nzuri. Nia yangu ilikuwa safi. Naiandika hapa ili ijulikane.

Mnada umejaa. Ng'ombe, mbuzi, vitunguu swaumu, mitumba, moshi wa nyama. Nimemsalimia kila mzee shikamoo hadi koo limekauka. Katikati ya mitumba nikamkuta mchuuzi mmoja, Margwe, ana chati! Zimeviringishwa pamoja, ishirini na nne, zimefungwa kwa utepe wa gundi pande zote mbili. Ya juu inaonekana: alfabeti, rangi nyekundu na njano, inang'aa hadi unajiona uso. Nikamuuliza nyingine zikoje. Kasema ni seti nzima ya darasa la kwanza, ila hafungui, kwa sababu likitokea vumbi au mvua zinaharibika kabla mteja hajalipa. Nikaona ni mtu makini.

Fedha ya shule haikutosha. Nikabembeleza. Margwe akawa anaangalia kitu kingine kabisa: sanduku. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya Mlima Hanang na bidhaa zake zote ziko kwenye viroba. Kasema nikiongeza hilo sanduku tumemalizana, ila anataka tupu.

Nilisita. Naapa nilisita. Nikafikiri: Mama Efrazia amestaafu, zana hizi zimeshakuwa zangu, na sanduku lenyewe bovu. Nitamnunulia jingine jipya mwezi ujao, lenye bawaba mbili nzima. Atanishukuru. Matone yakaanza, dereva wa lori akapiga honi mara ya tatu. Nikaenda ukingoni mwa korongo nyuma ya mnada, nikalipindua sanduku na kulitikisa. Vyote vikaenda chini. Kitu cha mwisho kilikuwa kimekwama kwenye kona, nikakigongea kwa kiganja.

Nimerudi nimelowa, nimekumbatia chati kama mtoto mchanga. Nalala kwa raha.

Ijumaa, 10 Januari

Nimefungua mzigo.

Chati ya kwanza alfabeti. Ya pili, viumbe wa baharini. Ya tatu, viumbe wa baharini. Ya nne. Ya tano. Nikaanza kuzifungua kwa pupa hadi sakafu ikajaa. Ishirini na tatu, zote sawasawa: pweza, papa, kasa, kaa, taa, ngisi, na jisamaki jeusi kubwa kuliko nyumba.

Nimekaa chini katikati ya bahari. Watoto wetu hapa wanajua ng'ombe, kondoo, punda na fisi. Maji makubwa kuliko yote waliyowahi kuona ni bwawa la kunyweshea mifugo. Imakulata kaingia, kasimama, kamwangalia pweza kwa makini. Kaniuliza anakamuliwa wapi. Kauliza tena fedha ya Madam imebaki kiasi gani. Nikaanza kukusanya chati.

Mchana nikajaribu kuokoa. Nikachukua maka peni nikamchorea yule mkubwa mweusi pembe mbili na mkia, awe ng'ombe. Hakuwa ng'ombe. Sasa anaonekana kama shetani aliyeshiba. Nikamwacha.

Uamuzi: nitazibandika zote. Nikiulizwa, nitasema nafundisha kwa kurudiarudia.

Jumamosi, 11 Januari

Siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika humu.

Mama Efrazia kaja saa nne na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, zawadi ya mwalimu mpya wa darasa lake. Nikatoa shikamoo, akaitikia, akaketi. Kauliza habari ya sanduku. Nikasema liko kwa Tluway, fundi wa hapa kijijini, litakuwa tayari Jumatatu. Kafurahi. Akasema basi kuna jambo hakuniambia, na ni vizuri nilijue kabla.

Chini kabisa kwenye kona, amefunga kwenye kipande cha kitenge, kuna ng'ombe mdogo wa udongo. Alifinyangwa na binti yake, Eva, mwaka alioanza darasa la kwanza katika darasa hilohilo la mama yake. Aliifanya nundu ya ng'ombe kisha akaibonyeza kwa kidole gumba ili ishike, na alama ya kidole ikabaki. Eva aliugua homa mwaka huohuo, mwezi wa tisa. Hakufika darasa la pili.

Kasema tangu hapo, kila Januari, somo la kwanza analifundisha na huyo. Namba moja, ng'ombe mmoja. Anampitisha mkononi kwa kila mtoto, na kwa miaka kumi na tisa hakuna mtoto aliyewahi kumdondosha. Jumatatu atafundisha naye namba moja kwa mara ya mwisho. Kisha kasema, vingine vyote ni vyangu mimi, ila huyo ng'ombe atarudi naye nyumbani.

Nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa. Sikuweza kumeza wala kukiweka chini. Mkono uleule uliogongea kona ya sanduku. Kaniuliza kama naumwa. Nikasema ni baridi tu.

Alipoondoka nilimwona akienda taratibu kwenye kile kijia cha shambani, akiwasalimia wanaopalilia mahindi. Nilipaswa kumkimbilia. Nilisimama mlangoni hadi akapotea.

Jumapili, 12 Januari

Sikwenda misa. Nimemwambia Imakulata nakwenda kumwona mgonjwa. Nimekodi bodaboda hadi Balangdalalu, nimefika nimejaa matope hadi masikioni.

Uwanja wa mnada ni mtupu. Mbwa wawili na mzee anayeokota magunzi. Margwe kashahama na sanduku. Wachuuzi hawakai, wanafuata mnada unaofuata, na hakuna aliyejua ni upi. Nikashuka korongoni. Mvua ya Alhamisi ilikuwa imepita humo kwa nguvu. Nimetafuta kwa mikono, nimepekua kila jiwe. Nikapata vijiti sita. Vizibo vinne. Nusu ya kibuyu. Baada ya saa nzima, kwenye mizizi ya mti wa miiba, nikaona rangi ya kitenge.

Kitambaa kilikuwa bado kimefungwa fundo. Nikashangilia peke yangu! Nikakifungua polepole. Ndani kulikuwa na tope. Donge la tope jekundu laini, halina pembe, halina nundu, halina kitu. Hakuwa amechomwa moto. Mtoto wa miaka saba angejulia wapi kuchoma udongo?

Nimelia mle korongoni mimi mtu mzima, mwalimu daraja la tatu A. Yule mzee wa magunzi akaja ukingoni akaniuliza nimefiwa na nani. Nimefunga fundo kama lilivyokuwa, nimeliweka mfukoni.

Nimeamua. Kesho asubuhi, kabla ya watoto kuingia, nitamwambia ukweli wote.

Jumatatu, 13 Januari

Sikumwambia.

Watoto hamsini na wanane, sare mpya, vichwa vimenyolewa. Wameingia, wameona ukuta. Kisha binti mmoja wa mbele akamwona yule niliyemchorea pembe, akaangua kilio, na wengine thelathini wakamfuata. Wazazi wakaingia kuangalia kuna nini. Baba mmoja akatoka nje kinyumenyume.

Afisa Elimu Kata kafika kilio kikiwa kimepamba moto. Kahesabu chati kwa kidole hadi ishirini na tatu. Kaniuliza kwa upole sababu yake. Nikasema mtoto wa milimani lazima ajue na upande wa pili wa nchi yake. Akaitikia kwa kichwa. Akaniomba nimtajie yule mwenye miguu mingi. Nikasema ni buibui wa majini. Madam Veronica akafumba macho. Kenneth, aliyekuwa amesimama nyuma, akasema taratibu kwamba kwao watu wengine humwita hivyo kwa utani, jina lake pweza. Hakuna mtu anayemwita hivyo. Alinisitiri tu, yule niliyemdanganya kuhusu manila.

Ndipo akaingia Mama Efrazia, kavaa gauni lake la Krismasi. Macho yake yakatafuta sanduku. Mezani, pembeni, chini ya ubao. Nikasema Tluway amechelewa, labda kesho. Kaniangalia muda mrefu, sijui alisoma nini usoni kwangu. Akaenda akakaa kwenye benchi dogo kati ya watoto, akainua kidole kimoja juu. Watoto wakanyamaza. Akawaambia kila mtu ainue chake. Moja. Wakainua. Akawafanya waguse kidole cha jirani, kisha viwili, kisha vitatu. Walioogopa wakasahau kuogopa, yule binti wa mbele alikuwa anacheka. Afisa alisimama mlangoni kipindi kizima, kofia mkononi.

Lakini mimi niliona mkono wake wa pili. Aliuweka mapajani umefumbwa, kama mtu aliyeshika kitu kidogo. Namba moja yake ya mwisho, kaifundisha mkono mtupu, kwa sababu yangu.

Semina kapewa Kenneth. Kaja kuniambia mwenyewe, kaona aibu utadhani ameniibia. Nimempa mkono.

Jumatano, 15 Januari

Nimegundulika. Tluway fundi kaulizwa na shangazi yake kanisani kuhusu sanduku, akasema hajaliona. Na mama mmoja anayeuza vitunguu mnadani kasema alimwona Margwe kalikalia.

Huku kwetu mwanamke akikosewa, akina mama hukaa kikao chao. Mwanamume haingii, haitwi kujitetea, na wakishaamua, hata mwenyekiti wa kijiji hana la kusema. Wamekaa leo kwenye majani karibu na kisima, kama arobaini. Nimewaona kutoka dirisha la ofisi. Katikati yao nikaiona khanga ninayoifahamu. Imakulata! Mke wangu mwenyewe.

Karudi jioni, kakoroga ugali, kaketi. Hakuniambia walichosema juu yangu. Kaniambia uamuzi tu. Sanduku jipya na kondoo jike mmoja, hayo nitayatoa baada ya mavuno. Lakini kwanza, Jumapili baada ya misa, niende kwa Mama Efrazia peke yangu, nimwambie kwa mdomo wangu nilichofanya. Yeye hawakumwita kikaoni. Hawakumweleza lolote. Wanataka alisikie kwangu.

Kauliza kama na zile zana zilikwenda na sanduku. Nikasema nadhani. Habari ya korongo hakuna anayeijua ila mimi.

Ni haki. Nimeikubali. Nalala nikijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi iliyopita. Ukweli, nimeona, ni njia rahisi kuliko zote.

Jumamosi, 18 Januari

Nimefikiri siku tatu. Kwenda na ukweli mtupu ni ukatili kwa mama wa watu. Nitakiri sanduku, kama walivyoamuru. Sanduku nililitoa, nimekosa, nisamehe. Lakini ng'ombe nilimtoa humo mapema, nikamhifadhi, kwa kuwa mimi ni mtu wa kujali.

Udongo nimechimba kule chini ya kisima, ule mwekundu. Wa kwanza alitoka mbwa. Wa pili alitoka mbwa. Wa tatu alivunjika shingo. Wa nne ni ng'ombe, tena ana sura ya kitoto, kwa sababu mimi sijui kufinyanga. Kwenye udongo wake nimechanganya lile donge lote lililokuwa ndani ya kitambaa. Kwa hiyo si uongo mtupu. Sehemu yake ni yeye kabisa.

Kazi ilikuwa nundu. Kidole gumba changu kikubwa, kiliacha shimo la kuwekea yai. Nikajaribu cha shahada, hapana. Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kimeingia sawasawa, kidogo, chembamba, kama cha mtoto wa miaka saba. Nimempaka majivu, nimemweka juu ya moshi wa jiko azeeke.

Imakulata kaja kuchukua sufuria, kamwona pale juu anafuka moshi. Kasimama. Kaniangalia, kamwangalia yeye, kaniangalia tena. Katoka bila sufuria. Tangu hapo hajaingia ndani.

Kesho namfunga kwenye kitenge chake kilekile, nampelekea baada ya misa. Atamtambua kwa kitambaa kabla hata hajafungua. Nafikiri atalia. Akishatulia, nitamwomba aniandikie barua kwa Afisa Elimu, kwa ajili ya semina ya mwezi wa sita.